Chupa Mbili za Kupe Hadi Mwanza

Mlioko Geita na mlioko Bariadi mjini mmeniletea salamu za kuuliza kama ni kweli nilizunguka hadi Mwanza nimebeba kupe hai. Ni kweli. Mmeuliza pia kama ni kweli nilishushwa kwenye treni kwa uchawi. Hilo si kweli, ingawa ilibaki kidogo. Na mmoja wenu, sitamtaja, ameuliza kama siku hizi nafundisha watu kwamba binadamu ni mtoto wa nyani. Nyani sikuwagusa. Nilikuwa na kazi ya kutosha na kupe.

Naandika kwa kufuata njia nilivyopita, ili nisisimulie tena na tena. Mnajua niliishia darasa la saba, na maneno ya mtaalamu huenda nimeyapinda mahali. Nilikuwa naandika kila jioni nisije nikasahau, lakini hata hivyo, penye shaka nitasema nina shaka.

Nyumbani, upande huu wa Dutwa

Wengine mliondoka kabla ya mambo haya, kwa hiyo naanza na josho. Mtunza josho ni kaka yangu Shija. Zamani dawa ililetwa na serikali na ng'ombe waliogeshwa bure. Yalipokuja mageuzi tukaambiwa kila kijiji kijitegemee. Dawa ikahamia madukani, sisi tukaunda kamati tukawa tunachanga. Dawa yenyewe ni ya aina ileile ya miaka yote. Msimu mmoja mchango ukapungua, watu wakakaa, wakaamua ikorogwe nusu ya kipimo hadi pamba ivunwe. Shija akakoroga walivyosema. Msimu uliofuata kipimo kikarudi sawasawa.

Ila kupe hawakufa. Ng'ombe anatoka joshoni amelowa mpaka masikio, na siku ya tatu bado wananing'inia kwenye kiwele wamejaa damu. Maziwa yakapungua. Ndama wa Mzee Mabula wakaanza kukojoa damu, wakafa mmoja mmoja. Naomba muelewe jambo hili: Mabula si mtu mbaya. Boma lake lilikuwa limebaki na ndama mmoja tu, na wajukuu zake ndio waliokuwa wakinywa maziwa yale. Angekuwa mtu mwingine angekuja na fimbo. Yeye alikwenda dagashida, mbele ya mkutano wa sungusungu, akasema Shija anauza dawa ya kijiji na kujaza maji joshoni. Akasema siku hizi kila mtu ana biashara yake, na biashara ya Shija ni dawa yetu.

Shija akaambiwa atoe ng'ombe wa faini. Akakataa, akisema hawezi kulipia kitu ambacho hakuiba. Basi akatengwa. Kutengwa mnakujua: hakuna wa kukusalimia, hupewi moto, huchoti kisima cha wenzako, ukifiwa unazika mwenyewe. Anayekusalimia analipa faini kama yako. Mimi niliruhusiwa kwenda pale kwa ajili ya mama tu, maana mama anaishi kwa Shija na mnajua alivyo, kifua kinambana tangu masika. Nilikuwa nikimwangalia anavyohema nawaza kitu kimoja: akifa wiki hii, kaburi tutachimba mimi na Shija.

Bwana mifugo wa Bariadi ndiye aliyenipa njia. Alisema huenda dawa ni nzima na kupe ndio waliobadilika, ila yeye hana kipimo. Yuko mtaalamu Mwanza. Nipeleke kupe wa kwetu, na kupe wengine wa mahali ambako ng'ombe hawaogeshwi, walinganishwe. Nilikwenda kwa mtemi wa sungusungu nikamwomba, nikithibitisha, adhabu iondolewe. Alinisikiliza vizuri, sitamdhulumu. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Lete ushahidi, mayu. Machozi tunayo hapa."

Mwamapalala, kwa baiskeli

Kupe wa kwetu niliwachukua kwenye ng'ombe wa Mabula mwenyewe, ili asije akasema nimewachagua. Alicheka akaniambia nichukue wote nikauze. Nikawatia kwenye chupa, nikafunga mdomo kwa kitambaa na uzi mwekundu, ndani nikaweka majani mabichi wasikauke. Dawa kidogo ya josho, kutoka kopo ambalo kamati ilikuwa haijalifungua, nikatia kwenye kichupa kidogo.

Mwamapalala nilikwenda kwa baiskeli ya mume wangu. Mnyororo ulikatika mara mbili. Njia nzima nilijiona mjinga, mama mzima anakimbia na kupe, na mara mbili niligeuza baiskeli nikatazama nilikotoka. Sijui kwa nini sikurudi. Labda ni aibu ya kurudi tu.

Josho la kule lilikuwa kavu. Tangu serikali iache kuleta dawa hawakuweza kuchanga, sakafu imepasuka, mbuzi wamelala ndani. Ndilo nililokuwa nikilitafuta, na niliona vibaya kufurahia shida ya watu.

Mwenye ng'ombe alikuwa bibi mmoja mjane. Tulisalimiana vizuri, mwadila kwa mwadila, akanipa michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando, tukaongea mvua na pamba. Nilipotaja kupe akakataa. Kitu kilichonyonya damu ya ng'ombe wake, alisema, hakitoki bomani kwenda asikokujua. Kikienda kwa mtu mbaya kinaondoka na baraka ya zizi lote. Nilijaribu kumweleza habari ya kipimo, ikawa kama namwongezea sababu za kukataa. Nikalala kwake. Asubuhi aliniuliza huyo kaka ninayemhangaikia ametengwa lini, na mama yetu anapikiwa na nani. Nilipomjibu aliinuka mwenyewe, akaingia zizini, akanitolea kupe kwa mkono wake mmoja mmoja. Aliniomba kitu kimoja, kwamba nikimaliza nao nisiwatupe njiani, niwachome. Chupa hiyo niliifunga kwa uzi mweupe.

Juu ya pamba, hadi Maswa

Baiskeli niliiacha kwa bibi, nikapata lori la pamba. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila kampuni na gari lake, na madereva wanashindana kama vijana kwenye ngoma. Dereva wetu, kijana wa Kahama waliyemwita Chuma, alikuwa akiona vumbi la gari jingine mbele anaacha barabara, anakata mashambani ili afike kwenye mizani ya kijiji kabla ya mwenzake. Akifika, wakulima wanamwambia subiri, yule mwingine ameahidi bei nzuri zaidi. Tukawa tunasubiri. Safari ambayo ingekuwa ya asubuhi ilikula siku nzima. Mimi nilikuwa juu ya marobota, jua linanichoma, chupa zangu nimezifunika kwa kanga.

Kwenye kijiji kimoja tulikula mihogo ya kuchemsha na chumvi, na Chuma akaniuliza nimebeba nini. Nilipomwambia hakushangaa hata kidogo. Alisema mashambani ni hivyohivyo. Wakulima wanapuliza dawa, na funza wa pamba anakaa juu ya tumba anaoga tu. "Wamezoea, mama," akasema. "Kama watu na shida. Mwanzo unalia, mwisho unazoea."

Neno hilo niliambiwa na kila mtu njiani. Wamezoea. Na nilipokuwa juu ya pamba nikilifikiria, moyo ulinishuka. Kama kupe wamezoea dawa, basi kuna aliyewazoesha. Ni nani aliyewapa dawa nusu nusu wakaionja bila kufa? Mkono uliokoroga ulikuwa wa Shija. Nilikuwa nabeba ushahidi wa kumfunga ndugu yangu, na nauli nimelipa mwenyewe.

Nililala Binza, hapo hapo Maswa, kwa binti wa shangazi mwenye kiduka cha sabuni na mafuta ya taa. Yeye ni mtu wa kanisa sana. Alisikia habari yote akasema Mungu aliumba kupe siku moja akamaliza, hakuna kupe mpya, kuna wezi wa dawa tu. Sikubishana naye, nilikuwa nakula chakula chake. Lakini niliandika usiku ule kwamba sijui kama Mungu alimaliza. Ninachojua ni kwamba hawa kupe walikuwa na tabia ambayo baba zao hawakuwa nayo.

Malampaka, na ndani ya treni

Malampaka tulisubiri treni hadi watu wakaanza kupika stesheni. Ilipofika nilipata nafasi karibu na dirisha, mbele ya mama mmoja mnene mwenye kikapu cha karanga. Tuliongea vizuri, akanigawia karanga. Alipoona chupa kwenye mapaja yangu akauliza kama ni mbarika za kukamulia mafuta. Kupe aliyejaa damu anafanana na mbarika kweli, rangi ileile na mng'ao uleule. Mimi kwa uvivu wa kueleza nikaitikia tu. Hapo nilikosea.

Alitaka kuona mbegu. Alifungua kitambaa kabla sijamzuia, akajimwagia chache mkononi. Mbarika zikatoa miguu.

Sijawahi kusikia kelele kama zile za behewa. Wengine walipanda juu ya viti. Mama wa karanga alikuwa anasugua mkono kwenye ukuta. Mtu mmoja alisema nimewabeba watu niliowageuza kupe. Mwingine alisema nitupwe pamoja na chupa zangu, treni isisimame. Nyinyi mnajua mwanamke akiitwa mchawi kwetu anaishia wapi. Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Lakini nilikasirika zaidi. Nilikuwa nimechoka kuona kila asiyeelewa jambo anatafuta mtu wa kumtupa.

Nikaokota kupe wote, nikampandisha mmoja kwenye mkono wangu, wote wanaona. Nikasema, "Ni kupe wa ng'ombe. Nawapeleka kwa mganga wa mifugo Mwanza. Kama ni uchawi, uanze na mimi."

Kupe alitembea kidogo, akasimama. Hakuna kilichotokea. Mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni na radio yake akasema, "Mwacheni. Si mmesema biashara huria? Hata kupe wanasafirishwa."

Watu wakacheka, na waliokuwa juu ya viti wakashuka. Mama wa karanga hakucheka, na sikumlaumu, maana ni mimi niliyemdanganya. Nilimwomba radhi. Alihamia kiti kingine lakini karanga zangu hakunidai.

Mwanza

Mtaalamu alikuwa mtu mfupi wa Bukoba, mkavu wa maneno. Mwanzo hakutaka kunipokea. Alisema kupe huja na barua ya wilaya. Nikamwambia kupe hawa hawajui wilaya, nikakaa kwenye ngazi za ofisi yake. Alitoka kwenda kula, akanikuta. Akarudi, akanikuta. Mwishowe akasema nilete hizo chupa, ila nisiwe na haraka.

Alichukua kupe wa uzi mwekundu na wa uzi mweupe, akagawa kila kundi mara mbili. Sehemu moja akaichovya kwenye ile dawa yangu aliyoikoroga kwa kipimo kamili, nyingine akaichovya kwenye maji matupu. Maji ya nini, nikauliza. Akasema wakifa na walio kwenye maji, basi wameuawa na safari, wala tusiisingizie dawa. Nilipenda jambo hilo. Nilimwona ni mtu wa haki hata kwa kupe.

Nilikaa Mwanza nikisubiri, kwa ndugu wa mume wangu, nikila samaki kila siku mpaka nikatamani mlenda. Niliporudi ofisini alinionyesha vyombo. Wa maji, wote wazima, wa Dutwa na wa Mwamapalala, wanataga mayai. Wa Mwamapalala waliochovywa kwenye dawa walikuwa weusi, wamekunjamana, hakuna yai. Wa Dutwa waliochovywa kwenye dawa ileile walikuwa wanataga kama wako nyumbani. Wachache tu walikufa.

Dawa ilikuwa nzima. Nilitaka kushangilia, kisha nikakumbuka shida yangu ya juu ya pamba.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo wamezoea?"

"Hapana, mama. Kupe aliyeguswa na dawa akafa, amekufa. Hakuna alichozoea."

"Na hawa?"

"Hawa ni watoto wa wale ambao hawakufa."

Sikuelewa, nikamwambia sielewi. Akafikiri, akaniuliza ule ukame mkubwa ulipotuacha, kwetu walibaki ng'ombe gani. Nikamwambia walibaki wale wadogo, wakavu, wenye kutafuna hata vichaka. Wale wakubwa wazuri waliisha.

"Walijifunza kula vichaka kwa sababu ya ukame?"

"Hapana. Walikuwa hivyo toka mwanzo. Tulikuwa tunawadharau."

"Na ndama waliozaliwa baadaye walifanana na nani?"

Niliona zizi la baba yangu, kabla na baada. Hakuna mtu aliyekuwa amewafundisha kitu wale ng'ombe. Ukame uliondoa wengine, wakabaki hao kuzaa.

Alisema kupe ni hivyohivyo, ila wao wanazaa haraka na mayai ni maelfu. Hawazaliwi sawa, kama watoto wa tumbo moja wasivyo sawa. Katika wengi huenda alikuwepo mmoja ambaye sumu ile haimwingii vizuri, na haikumsaidia kitu, maana sumu haikuwepo. Likaja josho. Kila wiki tukawaua wenzake, tukamwachia yeye ng'ombe mzima. Mwaka baada ya mwaka. Mwishowe josho linaogesha ukoo wake peke yake. Akasema ndivyo pia funza wa pamba, ndivyo homa ya malaria inavyoanza kuikataa klorokwini, na ndivyo, kwa miaka mingi nisiyoweza kuihesabu, viumbe vyote vilivyopata kutofautiana sura. Akaniambia nikipita ziwani nitazame midomo ya wale samaki wadogo, furu. Hapo ndipo nina shaka kama nimeshika vizuri, lakini habari ya kupe nimeishika.

Ningeondoka hapo ningekuwa na furaha. Ila nilikuwa bado na swali, na nilijua nisipouliza nitakuwa nimelificha. Nikamwambia kuhusu ule msimu wa nusu kipimo.

Alivua miwani. Alisema dawa ikiwa dhaifu, hata wale wenye ugumu wa kati wanapona wakazaa, kwa hiyo inaweza kuharakisha. Lakini hata tungekoroga kamili siku zote, kwa dawa ya aina moja miaka yote hiyo, siku hii ingefika. Kama kwetu ilifika mapema kwa sababu ya nusu ile, hawezi kuapa.

Nilitamani asingeniambia. Aliongeza kwamba tubadilishe aina ya dawa, kipimo kamili, na nisiwapelekee watu wangu maneno yake. Nifanye kipimo kilekile mbele yao. Kupe waliobaki tuliwachoma nyuma ya ofisi, wote, kama bibi alivyotaka.

Lamadi, na kurudi

Nilirudi kwa njia ya ziwa. Lamadi gari liliharibika, tukashinda pale. Mama muuza samaki alikuwa na fungu la furu wadogo, amewapanga juu ya gunia, nami nikainama kuwatazama midomo mpaka akaniuliza kama nanunua au nawapiga picha. Kweli haikuwa sawa. Mmoja mdomo umetazama chini kama wa kukwangua jiwe, mwingine mpana, mwingine mnene. Nilimwuliza kama ni samaki wa aina moja. Akasema ni furu, wote furu, ila kila mmoja ana ulaji wake, na zamani walikuwa wa namna nyingi zaidi, kabla sangara hajawamaliza. Akasema hivyo tu, akarudi kwenye biashara yake. Nilinunua, nikala wa midomo yote. Miiba ilikuwa ileile.

Dutwa nilifika mchana. Mama alikuwa bado anahema.

Dagashida

Nilipewa nafasi ya kusema kwenye mkutano. Sikuanza na Mwanza. Niliomba mtemi achague watu wawili asiowatilia shaka, waende Mwamapalala kwa yule bibi wakalete kupe, na wengine watolewe kwenye ng'ombe wetu hapa. Mabula aende Bariadi mwenyewe anunue kopo jipya, alifungue mbele ya watu, akoroge yeye kipimo kamili. Kaka yangu asiguse hata kijiti. Mabula alisema ni mtego. Nikamwambia kama ni mtego, yeye ndiye atakayeutega. Akaenda.

Tulitumia mabakuli manne, mawili ya dawa na mawili ya maji. Baada ya kuchovywa, kupe walikaa nyumbani kwa mtemi, mlango umefungwa, hadi mnada uliofuata.

Siku hiyo walikuja hata watu ambao huwa hawaji. Mabakuli yalipotolewa watu walisukumana. Mtemi alisogeza watoto, akaita Mabula atazame wa kwanza. Mabula aliinama. Aliwageuza wale wa Mwamapalala kwa ncha ya jani, wamekauka. Akahamia kwa wa kwetu. Alikaa hapo muda. Kupe mmoja alikuwa amezungukwa na mayai yake, na dawa ile aliikoroga Mabula kwa mkono wake.

Nikaeleza habari ya ng'ombe wa ukame, kwa Kisukuma, polepole, maana Kiswahili kingeniponyoka. Wazee walielewa kabla sijamaliza. Vijana ndio waliosumbua. Mmoja alipaza sauti akiuliza kama nasi basi ni watoto wa nyani.

"Mimi nimekuja na kupe," nikamwambia. "Nyani lete wewe."

Kisha nikasema lile ambalo nilikuwa sitaki kusema. Kwamba nusu ile ya kipimo huenda iliharakisha mambo, na mtaalamu mwenyewe hawezi kuapa. Shija alikuwa amekaa peke yake kando, mahali pa waliotengwa. Aliniangalia kama nimemchoma kisu.

Mabula akainuka. "Basi dada yake amekubali. Alikoroga nusu."

"Alikoroga nusu tuliyoamua hapa," nikasema. "Mikono iliinuliwa hapahapa, baba, na wa kwako niliuona. Kama nusu ni wizi, tutengwe kijiji kizima, tuone nani atamzika nani."

Mtemi alinong'onezana na wenzake muda mrefu. Walipomaliza akasema mkutano umeona, dawa haikuibwa. Lakini hukumu ya dagashida haifutwi, hupunguzwa. Shija atoe mbuzi mmoja mambo yaishe.

Nadhani alitaka kutusaidia. Mbuzi tungempata. Mume wangu alinivuta kanga kunionya.

"Mbuzi wa kosa gani?" nikauliza.

"Wa amani, mayu."

"Amani tutawapa bure. Mbuzi hatutoi, hata kuku."

Nikatembea hadi alipokaa kaka yangu, mbele ya sungusungu wote na pinde zao, nikampa mkono. "Mwadila, kaka." Alichelewa kuitikia. Ilikuwa muda mrefu hajasalimiwa hadharani, kisha akaitikia. Nikakaa chini pale pale kando yake, mahali pa waliotengwa, nikawatazama. Nilitegemea nitatozwa faini. Mtemi aliangalia ardhi, akasema mkutano umefungwa.

Kwa hiyo kwa wanaouliza kama tulishinda, sijui niwajibu nini. Hakuna aliyetangaza kwamba Shija amerudi. Hakuna mbuzi aliyetoka. Kwa siku kadhaa watu walipita mbali na boma lake kama zamani, na mimi nilikwenda pale kila siku mchana, katikati ya njia, nikisalimia kwa sauti.

Halafu asubuhi moja, nikiwa pale nampikia mama uji, tukasikia sauti kwenye kizuizi cha boma. Alikuwa Mabula, amesimama na yule ndama wake mmoja aliyebaki, amemfunga kamba. Akapiga hodi. Shija alinitazama, nami nikamtazama. Tulijua amekuja kuuliza ni dawa gani mpya ya kununua na inakorogwaje, na kwamba njia nzima watu wamemwona anakokwenda. Sisemi alikuja kuomba radhi. Hakuiomba, hadi leo.

Nilifungua mdomo kuitika. Shija akaniwekea mkono begani. "Mwache kwanza," akasema.

Mabula akapiga hodi mara ya pili, na ya tatu kwa sauti kubwa, majirani wakatoka kutazama. Hapo ndipo kaka yangu alipofuta mikono kwenye suruali yake, akaenda mlangoni pa boma, akasema, "Karibu."